Nywele za Kipilipili Hazina Kesi ya Kujibu

Ukitaka kujua Watanzania wengi wanaamini nini kuhusu nywele zao, usisome hotuba za utamaduni. Keti kwenye benchi la saluni yoyote ya kando ya Barabara ya Kilwa, iwe Bungu, Kibiti au Ikwiriri, siku yenye harusi. Atakuja binti mwenye nywele zake mwenyewe, fupi, zilizojisokota. Kwenye simu ana picha ya mwanamke wa enzi za zilipendwa, nywele zimekunjwa mbele, mawimbi yamelala pembeni mwa shavu. Ataulizwa swali moja tu: "Kwa nywele hizi?" Kisha atapewa njia mbili, dawa au wigi. Hakuna atakayeshangaa, hata binti mwenyewe.

Nabishana na swali hilo. Lakini nilieleze kwanza kwa haki, maana wanaoliuliza si wajinga, na wengi wao ni wasusi hodari.

Hoja yao inakwenda hivi. Nywele za kipilipili ni ngumu. Zinajirudi, zinakatika, zinavunja chanuo na hazishiki umbo. Mitindo ya zamani nayo ni ya aina mbili. Ile ya mawimbi na mikunjo iliundwa kwa nywele za singa, kwa hiyo mwenye kipilipili hana budi kuzifanya singa kwanza. Ile ya kwetu, yaani twende kilioni, uzi na mabutu, ni ya shamba, ya msibani na ya watoto, haipelekwi ukumbini. Dawa na wigi ni nafuu, ni haraka, ni nadhifu. Isitoshe, huku kwetu wengi wanavaa ushungi, sasa anayehangaika na nywele anamhangaikia nani? Na mwisho wa yote, kichwa ni cha mwenyewe, mwacheni.

Hayo ni mashtaka matano. Nayajibu moja baada ya jingine.

Shtaka la kwanza: ni ngumu, hazishiki umbo

Tuanze na hayo mawimbi yanayodaiwa kuwa haki ya nywele za singa. Katika miaka ya 1870, mjini Paris, msusi Mfaransa Marcel Grateau alijijengea jina kwa kuzipinda nywele zilizonyooka kwa koleo la moto. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Karl Nessler, aliyekuwa na saluni London, akaunda mashine ya vyuma vya moto ili mikunjo idumu kwa miezi. Majaribio ya mwanzo aliyafanya kichwani pa mkewe, Katharina, na akamuunguza nywele. Taabu yote hiyo ilikuwa ya nini? Ni kwamba nywele za singa hazijikunji zenyewe, na zikikunjwa huteleza na kurudi zilikotoka. Mtindo ambao binti wa Kibiti anaambiwa haumfai ulibuniwa ili kuwapa wenye singa kitu ambacho yeye amezaliwa nacho.

Sisi nasi tukaja na maajabu yetu. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanaikumbuka kalikiti, mawimbi yaking'aa na mafuta yakichuruzika hadi kwenye kola ya shati na kitambaa cha kochi. Kazi yake ilikuwa hivi. Dawa ya kwanza inalegeza na kuzinyoosha nywele zilizojikunja. Kisha nywele zinaviringishwa kwenye rola, na dawa ya pili inazigandisha zikiwa zimekunjwa. Yaani tulilipa mikunjo iondolewe, tukalipa tena mikunjo irudishwe, na katikati tukasubiri foleni.

Sasa tuangalie nywele zenyewe. Umbo la unywele linashikwa na vifungo vya namna mbili. Vifungo dhaifu huachia unywele ukilowa na kujifunga upya ukikauka. Vifungo vya nguvu, vile vya salfa, havibabaiki na maji. Vinavunjwa na dawa tu. Kuseti nywele kwa mtindo wa zamani kunahitaji vile vifungo dhaifu peke yake. Unalowesha nywele, unazigawa mafungu, unapaka mafuta ya nazi, unasokota kila fungu na kulizungusha liwe fundo, unalibana na kulala nalo chini ya kitambaa laini. Asubuhi zikishakauka kabisa unafungua kwa vidole vyenye mafuta kidogo. Mawimbi yapo. Ukitaka urefu zaidi, unatangulia kufunga uzi kutoka shinani hadi nchani, na baada ya siku mbili nywele zimenyooka bila moto wala dawa. Ukitaka mkunjo wa mbele, unazikunja kuelekea ndani na kutia vibanio. Kipilipili kinajishika chenyewe kwa sababu kila unywele umemkumbatia jirani yake. Mwenye singa anahitaji kopo zima la dawa ya kugandisha ili apate mshiko huohuo.

Hapa mazingira ya delta ya Rufiji yanaingia kutoa ushahidi. Hewa ya Salale na Mbwera ina unyevu mwaka mzima. Nywele zilizonyooshwa kwa pasi ya moto zinategemea vilevile vifungo dhaifu, ila kwa umbo lisilo lao. Mpandishe binti mwenye nywele hizo kwenye boti pale Nyamisati, apigwe upepo wa chumvi na marasharasha hadi Kilindoni, Mafia, kisha mtazame akishuka. Nywele zimekwisha kurudi kwao. Aliyesuka au kufunga uzi atashuka kama alivyopanda. Ni zipi basi zisizoshika umbo?

Ni kweli kwamba nywele za kipilipili hukatika kwa urahisi. Mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki vizuri kwenye unywele uliojizungusha, kwa hiyo ncha hukauka, na kila kona ya unywele ni sehemu dhaifu. Maji ya visima vyenye chumvi yanazidisha ukavu huo. Lakini hayo yanatibiwa kwa mafuta, maji baridi na mkono usio na haraka. Ajabu ni kwamba nywele zinazokatika kwa ukavu ndizo tunazoamua kuzitia kemikali ya kuvunja vifungo vyake vya nguvu, kisha zikianguka tunazilaumu kwa udhaifu.

Shtaka la pili: ni ushamba na msiba

Twende kilioni ni mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Inasukwa upesi, kwa kuwa aliyefiwa hana muda wa kukaa kitini siku nzima. Kutokana na hilo watu wameamua kuwa haifai kwa sherehe. Kwa mantiki hiyo tusile wali harusini, maana na matangani unapikwa.

Ukichunguza utakuta kosa la mtindo huu si sura yake, ni anwani yake. Mistari ileile ikitokea kichwani pa mwanamuziki wa Marekani, ikapewa jina la Kiingereza na kurudi kupitia Masaki, inakuwa ya kisasa na bei yake inapanda. Ikisukwa na shangazi kibarazani Mbwera, ni ushamba. Anayeamini hivyo hana maoni kuhusu nywele. Ana maoni kuhusu watu.

Tena ni watu wenye sababu zao. Mkulima wa mpunga katika delta huhamia shambani msimu wa kulinda. Anaishi kwenye dungu, amenyanyuliwa juu ya maji na tope, akifukuza ndege, ngedere, nguruwe pori na wakati mwingine viboko. Huko hakuna draya wala kioo. Anahitaji mtindo utakaostahimili jasho, mvua na mzigo wa kichwani kwa wiki kadhaa bila kuguswa. Twende kilioni na uzi viliifanya kazi hiyo kabla ya saluni ya kwanza kufunguliwa Kibiti, na vinaifanya hadi leo. Mtindo uliofaulu mtihani huo unaitwa duni, ilhali ule usioweza kuvuka mkono mmoja wa mto kwa mtumbwi unaitwa bora.

Na tusisahau mikeka. Rufiji inasifika kwa mikeka yake ya ukindu, yenye rangi na nakshi, na wageni huinunua na kuitundika ukutani kama sanaa. Mwanamke anayesuka ukili huo hapimi kwa rula, macho na vidole vinamtosha kuhesabu miraba. Vidole hivyohivyo vikigawa kichwa kwa mistari iliyo sawasawa, tunasema hiyo si kazi ya ukumbini. Mkeka tunaulipia, kichwa tunakionea haya.

Shtaka la tatu: dawa na wigi ni nafuu na haraka

Kwanza dawa. Nyingi za zile kali zina sodiamu haidroksaidi, ambayo akina mama wa vikundi vya kutengeneza sabuni wanaijua kwa jina la kostiki. Kwenye mafunzo ya sabuni mtu anaambiwa avae glovu na asiinamie ndoo. Saluni, msusi ndiye anayevaa glovu, na mteja anawekewa kichwani. Zile zinazotangazwa kuwa hazina kostiki hutumia chokaa iliyozimwa ikichanganywa na kemikali nyingine, na kazi ni ileile. Kila baada ya wiki chache nywele mpya zinachomoza zikiwa vilevile zilivyozaliwa, na lazima urudi. Nafuu gani inayodaiwa upya kila mwezi wa pili?

Kisha kuna gharama ambayo haiandikwi ukutani. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Miongoni mwa ambao hawakutumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio yalikuwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, makadirio yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na ugonjwa wenyewe si wa kawaida. Hata hivyo, kitu chenye alama ya kuuliza ya ukubwa huo hakistahili kuitwa rahisi, tena kikipakwa kichwani pa mtoto wa miaka sita ili apendeze siku ya Idi.

Sasa wigi. Lile la nywele za binadamu lina safari ndefu kuliko mvaaji wake. Nywele nyingi za biashara hiyo hutoka India, nyingine zikinyolewa na mahujaji katika hekalu la Tirumala, ambako hupigwa mnada. Nyingi hupitia viwanda vya China, hasa mji wa Xuchang, ndipo ziingie Kariakoo na hatimaye zining'inie kwenye msumari Kibiti. Muumini wa Kihindu amejinyoa kwa unyenyekevu ili kuachana na majivuno, nasi tunayavaa kwenye sendoff. Lile la bei ya chini halijapitia kichwa cha yeyote. Ni nyuzi za plastiki, na joto la Kibiti la Januari linalijua vizuri. Katika bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha Philip Mpango aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoingizwa nchini na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa hapa. Kilichokuwa nafuu kikawa chanzo cha mapato.

Hapa lazima niwageukie pia wafanyabiashara wa "asili", wasije wakadhani nawatetea. Wapo mjini wanaohubiri nywele za asili huku wakiuza chupa ndogo ya mafuta ya nazi, lebo ya Kiingereza, kwa bei ambayo huku ungenunua nazi za kukuna hadi mkono uchoke. Wamemwambia mwanamke mwenye minazi nyuma ya nyumba kwamba bila krimu saba, kila moja kwa hatua yake, nywele zake hazitakua. Muuza "asili" na muuza dawa wanagombana majukwaani, lakini mtaji wao ni mmoja. Wote wanahitaji uamini kwamba kichwa chako ni tatizo.

Na kuhusu haraka: kuseti kwa mafundo kunachukua jioni moja na usingizi wa usiku mmoja, nao usingizi ungelala hata hivyo. Ususi nao una hatari yake, wala sifichi. Unaobanwa mno, au unaobebeshwa rasta nzito, hung'oa nywele za kandokando ya uso, na upara huo unaweza usirudi nyuma. Dawa ya hilo ni kulegeza mkono, na haiuzwi popote.

Shtaka la nne: chini ya ushungi nani anaona?

Hoja hii hupendwa na watu wasioiamini. Wangeiamini, biashara ya mawigi ingekufa Kibiti, ambako wanawake wengi ni Waislamu na mtandio hautoki kichwani njiani. Haijafa. Watu wananunua wigi, wanalivaa, kisha wanalifunika. Ikiwa hakuna anayeona, tunalipa ili asione nini?

Ukweli ni kwamba wapo wanaoona, na ndio muhimu zaidi: mume, watoto, ndugu, na wanawake wengine ndani ya ukumbi wa wanawake, ambako mitandio huvuliwa na urembo hukaguliwa bila huruma. Hapo nywele zina hadhira yake, na hadhira hiyo haisahau.

Na tukiingia kwenye dini, basi tuingie hadi ndani. Katika Bukhari na Muslim mna hadithi zinazolaani kuunganisha nywele, na masheikh wamejadiliana kwa karne nyingi kuhusu mipaka ya katazo hilo, kama ni nywele za binadamu tu au hata nyuzi nyingine. Kwa upande wa ususi, Muslim amepokea hadithi ya Ummu Salama, aliyemuuliza Mtume kama afumue misuko yake kwa ajili ya josho la janaba, akaambiwa si lazima, inatosha ajimiminie maji kichwani mara tatu. Kwa hiyo mwanamke aliyesuka alikwishapewa nafasi yake tangu karne ya kwanza ya Uislamu. Aliyevaa wigi ndiye mwenye maswali ya kujibu, lakini huyo haulizwi "kwa nywele hizi?" Anasifiwa.

Shtaka la tano: kichwa ni chake, mwacheni

Hili ndilo shtaka zuri kuliko yote, na nalikubali nusu. Nchi hii imekwisha kujaribu kuamuru vichwa vya wanawake, na haikupendeza. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi, kwa jina la utamaduni wa taifa, kuanzia Januari 1969. Vijana wa kiume walijipa kazi ya kuwakagua wanawake barabarani na kwenye mabasi. Nusu karne baadaye serikali ikarudi kwa wigi lilelile, safari hii na kitabu cha ushuru. Mara ya kwanza kichwa cha mwanamke kilikuwa heshima ya taifa, mara ya pili kikawa mapato ya taifa. Sitaki operesheni nyingine. Anayependa dawa atie, anayependa wigi avae.

Lakini tusiite uhuru kitu kisicho uhuru. Katika shule nyingi za serikali msichana hunyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Hiyo ni miaka 11. Sababu zinazotolewa ni usafi, muda na nidhamu, kana kwamba kipilipili chenye urefu wa kidole ni uchafu kwa asili yake. Miaka hiyo ndiyo ambayo mama yake na bibi yake walijifunza kugawa mistari, kufunga uzi na kujua kichwa chao kinapenda mafuta gani. Yeye anamaliza shule akiwa hajawahi kuishika nywele yake kwa zaidi ya wiki chache. Inapoanza kuota, haijui, inamtisha. Anaingia saluni, na msusi aliyejifunzia kazi kwenye draya na kopo la dawa anamwonyesha njia mbili, zote za kununua. Anachagua moja, nasi tunapiga makofi kwa uhuru wake.

Uchaguzi unaanza pale njia ya tatu inapokuwepo mezani, ikiwa na bei, na ikiwa na mtu anayejua kuifanya. Kwa sasa njia hiyo inajulikana na wanawake watu wazima wa vijijini ambao hakuna anayewaomba ushauri, na wakifa watazikwa nayo.

Hukumu

Mashtaka yote matano yanajengwa juu ya ushahidi unaojipinga wenyewe. Nywele zinaitwa ngumu kisha zinavunjwa. Mtindo unaitwa wa kishamba hadi urudi kwa ndege, na kinachodaiwa kila mwezi wa pili kinaitwa nafuu. Kilichofunikwa kinaambiwa hakina mtazamaji, huku kikinunuliwa kwa ajili ya watazamaji. Asiyeonyeshwa njia anasifiwa kwa kuchagua.

Kwa hiyo, msusi wa Kibiti: weka msokoto na uzi kwenye orodha ya bei ukutani, utoze bei inayolingana na kazi ya mikono, na umlete yule shangazi wa Mbwera siku mbili akufundishe, kwa malipo. Mwalimu mkuu: ruhusu twende kilioni shuleni, ni safi, haifichi chawa zaidi ya ushungi unavyoficha, na inasukwa Jumapili mchana. Mzazi: iache Idi ya mtoto wako ipite bila kostiki. Na wewe binti mwenye picha ya zilipendwa kwenye simu, ukiulizwa "kwa nywele hizi?", jibu ni ndiyo, kwa nywele hizihizi, na ukae kitini.

Nywele za kipilipili hazina kesi ya kujibu. Anayezishtaki ndiye aulizwe anauza nini.